Kurudi Baada ya Mbalamwezi

Alasiri ile mwezi ulikuwa umekaribia kujaa, na pale mwaloni Kibirizi, Kigoma, maboti ya dagaa yalikuwa yamevutwa hadi mchangani. Nilikuwa nimekwenda kusubiri mzigo wa mteja wa Kalemie, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, upande wa Kongo. Boti lake lilikuwa limechelewa, kwa hiyo nikajisogeza kwenye kivuli cha kibanda alikokuwa amekaa mzee mmoja mvuvi, akishona wavu. Alikuwa ameutandaza juu ya mapaja, kidole gumba cha mguu kikiushika upande mmoja ili usilegee, na sindano yenye uzi wa nailoni ikiingia na kutoka bila yeye kuitazama sana. Nilichokiona, na ambacho sikukitarajia, ni kwamba alipofika kwenye tundu hakuanza kuliziba. Alianza kwa kukata nyuzi zilizochoka kulizunguka, hata tundu likawa kubwa kuliko alivyolikuta, ndipo akaanza kufunga fundo la kwanza.

Aliona kitabu cha Kifaransa kikichungulia kwenye mkoba wangu, akauliza nimefika wapi. Nikamjibu kwamba nimeacha.

"Tangu lini?"

"Tangu tulipomzika mjomba."

Akanipa pole, akakaza fundo, akakata uzi kwa meno. Kisha akasema: "Sasa binti, sisi hapa hatujaingia ziwani tangu mbalamwezi ianze. Ina maana na sisi tumeacha uvuvi?"

Nilicheka, boti likafika, nikaenda kuhesabu mifuko. Swali lake lilinirudia usiku, na limeendelea kunirudia kwa wiki kadhaa, kiasi kwamba nimeona afadhali niliandike.

Sababu ninayo

Aliyekulia Kigoma hahitaji kuelezwa kwa nini mtu wa mizigo ajifunze Kifaransa. Mteja wa Bujumbura nazungumza naye Kiha, naye ananijibu Kirundi, na hakuna kinachopotea njiani. Wa Kalemie na Uvira wana Kiswahili chao, na tofauti zilizopo tunazimaliza kwa utani. Shida huanza karatasi zinapotolewa, kwa sababu hati nyingi za upande wa pili wa ziwa huandikwa Kifaransa, na asiyezisoma humlipa mtu amsomee, kisha humwamini kwa kila alichoambiwa.

Nalieleza hili kwa sababu ushauri wa kujiendeleza, mahali popote utakapousikia, huanza kwa kumwambia mtu aitafute sababu yake. Jua kwa nini unataka, wanasema, na mengine yatajipanga yenyewe. Mimi sababu yangu iko mezani kila asubuhi, imepigwa mhuri na kutiwa sahihi, na mara nyingine imenigharimu fedha. Hata hivyo haijawahi kuninyanyua kwenye kiti baada ya chakula cha usiku na kunipeleka kwenye kitabu.

Sababu humfanya mtu anunue kitabu. Kukifungua mwezi wa tatu ni habari nyingine.

Hamu ya siku za mwanzo

Kila anayeanza jambo huzijua siku zile: daftari jipya, ratiba iliyopigwa mistari kwa rula, tangazo kwa rafiki wa karibu kwamba safari hii mambo ni tofauti. Sizibezi siku hizo, kwa maana hamu yake ni ya kweli. Nimeanza tu kushuku kwamba tunachokuwa na hamu nacho wakati huo ni kule kuanza, na hamu ya namna hiyo hushiba mapema, maana kuanza humalizika siku ya kwanza. Inapofika zamu ya vitenzi vya Kifaransa visivyofuata kanuni yoyote, yenyewe imeshalala.

Watafiti watatu waliokuwa Marekani, Hengchen Dai, Katherine Milkman na Jason Riis, walilichunguza jambo hili katika kazi waliyoichapisha mwaka 2014. Waliona kwamba watu huenda kufanya mazoezi zaidi mwanzoni mwa wiki, mwanzoni mwa mwezi, mwanzoni mwa mwaka na baada ya siku zao za kuzaliwa, isipokuwa baada ya kutimiza miaka 21, umri ambao nchini mwao ndio unaoruhusu kununua pombe. Tarehe mpya humpa mtu hisia kwamba yule mzembe wa jana hakuwa yeye. Ni ile "nitaanza Jumatatu" yetu, imepimwa tu kwa takwimu.

Ninachokitilia shaka ni matumizi tunayoyafanya ya jambo hili. Tukishazoea kwamba Jumatatu hufuta makosa, siku ya Jumatano tukiteleza tunaiachia wiki nzima ipotee, kwa sababu Jumatatu nyingine inakuja. Wapo watu, na nawafahamu, walioanza kujifunza kompyuta kila Januari kwa miaka, na ujuzi wao wote ni wa mlango wa kwanza.

Njaa ya mvuvi

Pingamizi lilinijia haraka, na kwa muda lilinifanya nione kwamba swali la mzee halikuwa na uzito. Dagaa huvuliwa gizani, kwa taa. Mwezi unapong'aa, mwanga wa taa hupoteza nguvu ya kuwakusanya samaki, na kuingia ziwani ni kuchoma mafuta bure. Kwa hiyo wavuvi hupumzika kwa sababu ziwa limewapumzisha, na giza linapoanza kurudi hurejea kwa sababu nyumbani kuna watoto. Mimi nisipofungua kitabu changu hakuna atakayelala na njaa. Tunawezaje kufananishwa?

Nikajaribu kuitafuta njaa ya kubuni, yaani zawadi. Ukimaliza sura hii, nilijiambia, utajinunulia kitenge. Hapo nikakumbuka jaribio maarufu la mwaka 1973, lililofanywa na Mark Lepper, David Greene na Richard Nisbett kwa watoto wa shule ya awali huko Chuo Kikuu cha Stanford. Walichagua watoto waliopenda kuchora wenyewe, bila kusukumwa. Baadhi waliahidiwa cheti chenye utepe iwapo watachora, wengine wakapewa cheti hicho kwa kushtukizwa baada ya kuchora, na wengine hawakupewa chochote. Wiki moja au mbili baadaye, watoto walioahidiwa cheti walitumia katika kuchora karibu nusu tu ya muda waliotumia wenzao. Mchezo ulikuwa umegeuka kibarua.

Watu hulisoma jaribio hili wakasema kwamba zawadi huua hamu. Nadhani wanaharakisha, kwa kuwa watoto wale walikuwa wanaipenda kazi tangu mwanzo, na kilichopungua kilikuwepo. Mimi vitenzi vya Kifaransa sijawahi kuvipenda, hivyo hakuna cha kuuawa. Kitenge hakikuniharibia kitu. Kilichotokea ni kwamba nilikinunua hata kabla ya kumaliza sura, kwa kuwa mtoa zawadi na mpokeaji ni mtu mmoja, na wawili hao huelewana upesi.

Niliporudi kumfikiria mvuvi, niliona kwamba hata njaa haielezi kila kitu. Mwenye njaa anaweza kuendesha bodaboda, anaweza kulima, anaweza kubeba mizigo pale pale bandarini. Njaa humtoa mtu nyumbani bila kumwambia aelekee wapi. Kinachomrudisha huyu kwenye boti lile lile ni kwamba siku ya kurudi inajulikana hata kabla hajapumzika, wenzake wanamhesabu, na wavu ameushona akiwa nchi kavu. Nadhani ukimuuliza jioni ile ya kwanza ya giza kama ana hamu ya kwenda, atakuona mtu wa ajabu.

Kila anayeandika kuhusu uvumilivu akiwa Kigoma hutarajiwa kumtaja Jane Goodall, mtafiti wa sokwe aliyefika Gombe Julai 1960 na kukimbiwa na sokwe kwa miezi mingi kabla hawajamzoea. Namheshimu, lakini naona mfano wake hautusaidii sana. Alikuwa mahali alipotamani kuwa tangu utotoni. Wengi wetu tunahangaika na mambo ambayo tungefurahi zaidi kuyajua kuliko kuyajifunza.

Daftari la shangazi

Mfano ulionisaidia uko Ujiji, na unauza mawese.

Shangazi yangu hakusoma shule utotoni. Alijifunza kwenye kisomo, yaani madarasa ya kusoma na kuandika ya watu wazima, wakati ule ambapo Mwalimu Nyerere alikuwa ameutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na madarasa ya jioni yakafunguliwa hadi vijijini, mengi yakifundishwa na watu wa kawaida tu waliojitolea. Sensa ya 1967 ilikuwa imeonesha kwamba karibu theluthi mbili ya watu wazima hawakujua kusoma na kuandika. Mtihani wa taifa ulipofanyika mwaka 1975, waliobaki bila kujua walikuwa wamepungua hadi chini ya nusu. Nyuma ya namba hizo kulikuwa na watu waliotoka shambani wamechoka, wengine wakiwa na watoto mgongoni, wakakaa chini kujifunza kuumba herufi "m".

Nilimuuliza shangazi kilichompa moyo wa kuendelea. Nilikuwa nimejiandaa kusikia habari za kiu ya elimu. Akafikiri, kisha akasema kwamba darasa lao lilikuwa chini ya mwembe, na asiyeonekana, wenzake walipitia kwake wakati wa kurudi nyumbani kuuliza kulikoni. Ilikuwa taabu zaidi kutunga uongo mlangoni, alisema, kuliko kwenda darasani.

Nikamwomba anioneshe daftari lake. Limefunikwa kwa gazeti, kingo zake zimekuwa rangi ya machungwa kwa mafuta ya vidole, na limejaa mwandiko mkubwa unaoegemea kushoto. Hawaandiki wateja kwa majina, huwaandika anavyowajua: "Wa bati jekundu, chupa 3, bado." "Mke wa fundi baiskeli, dumu 1, kalipa nusu." Waliomaliza deni amewapiga mstari mmoja mnyoofu. Kila jioni, kabla ya kufunga meza, anaandika. Hata siku ambayo hakuuza kitu anaandika tarehe na neno "hakuna", na nilipomuuliza faida ya kuandika "hakuna", alinijibu kwamba bila hivyo kesho yake angeona uvivu kuanza.

Waliopanga kisomo walilijua tatizo hili vizuri kuliko vitabu vingi vya kuhamasisha. Waliona kwamba mtu akishafaulu kusoma, asipopata cha kusoma, ataupoteza ujuzi ule, na ndiyo maana yakaanzishwa magazeti ya vijijini na maktaba za vijiji. Kumfikisha mtu hadi ajue ilikuwa kazi moja. Kumzuia asirudi alikotoka ilikuwa kazi ya pili, na hiyo hawakumwachia moyo wake peke yake.

Siku 66, na zile zisizohesabiwa

Ipo imani kwamba jambo likifanywa siku 21 mfululizo hugeuka tabia. Chanzo chake mara nyingi hutajwa kuwa Maxwell Maltz, daktari wa upasuaji wa Marekani, aliyeona kwamba wagonjwa wake huchukua angalau siku kama hizo kuzoea sura zao mpya. Kutoka kuzoea pua mpya hadi kuzoea kukimbia alfajiri ni mruko mrefu, na nashangaa namna tulivyouruka pamoja bila kuuliza.

Phillippa Lally na wenzake wa University College London, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2010, waliwafuatilia watu 96 kwa wiki 12, kila mmoja akiwa amechagua jambo dogo la kufanya kila siku, kama kula tunda wakati wa chakula cha mchana au kukimbia kidogo kabla ya chakula cha jioni. Kwa wale ambao mwenendo wao ulisomeka vizuri, mtu wa katikati alichukua siku 66 hadi jambo lifanyike karibu bila kufikiri. Aliyewahi zaidi alichukua siku 18, na wa mwisho alikadiriwa kuhitaji 254, muda mrefu kuliko utafiti wenyewe.

Walipata jambo jingine ambalo lilinifurahisha kupita kiasi: kukosa siku moja hakukuharibu safari. Nililishika kama hati ya msamaha. Baadaye nikalisoma kwa utulivu na furaha ikapungua, kwa sababu siku moja ni siku moja. Maisha yetu hayatuvunjii ratiba kwa siku moja. Msiba ni wiki, na kama ni Kibondo au Kakonko basi kuna safari ya kwenda na kurudi, na arobaini yake. Mtoto akilazwa hujui ni lini atatoka. Sherehe ya harusi hukula mwezi mzima kwa vikao. Ushauri unaomtaka mtu asivunje mnyororo umeandikwa kwa ajili ya mtu asiye na ukoo.

Hapa ndipo mawazo yangu yalipogeuka. Nilikuwa nikijiuliza nifanye nini ili nisisimame, wakati kusimama kwenyewe hakukwepeki kwa mtu anayeishi na watu. Kumbe sikuwa nimewahi hata mara moja kupanga namna ya kurudi. Nilipanga kuanza kwa kalamu za rangi, na kurudi nikakuachia kudra.

Baada ya Idi

Ujiji tunaujua mwezi wa Ramadhani. Misikiti hujaa, ulimi hujichunga, hata mtu ambaye mwaka mzima alfajiri humkuta usingizini huamka daku. Kisha Idi inapita, safu zinapungua, na imamu anasema maneno yale yale anayoyasema kila mwaka. Zamani nililiona jambo hili kuwa unafiki. Siku hizi naona kwamba wakati wa mwezi ule kila kitu kilikuwa kimepangwa kumsaidia mtu: saa za kula, kelele za jirani anayeamsha, aibu ya kuonekana mchana unatafuna. Vyote hivyo vinaondoka usiku mmoja, halafu tunashangaa mtu anapolegea.

Zipo pia saumu sita za Shawwal, mwezi unaofuata Ramadhani, ambazo ni sunna. Mtu anaweza kuzifunga mfululizo au kuzitawanya ndani ya mwezi. Sina elimu ya kueleza hekima ya ibada, na fadhila yake wanazuoni wameshaieleza. Nasema tu nilichokiona nyumbani: anayezifunga hupata njia ya kurejea kwenye saumu wakati wengine wote wanakula, bila daku ya pamoja na bila futari ya jirani, na kwa mama yangu saumu za Alhamisi zilianzia hapo.

Tarehe ya kurudi

Mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilifungwa kwa shughuli za uvuvi kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wapate nafasi ya kuzaliana. Tulioishi hapa tunajua kipindi kile kilivyobana mifuko, na sina haja ya kukieleza. Kwa suala hili nakumbuka kitu kimoja tu, kwamba miezi mitatu ni mingi ya kutosha kumfanya mtu asahau kazi yoyote, lakini kila uliyemuuliza pale mwaloni alikuwa na tarehe mdomoni. Walilalamika, walikopa, wengine walikwenda mashambani, na tarehe haikuwatoka.

Nimebadilisha mambo machache. Ninapoona kwamba nitasimama, naitaja siku ya kurudi kabla sijasimama, na naitaja kwa mtu, kwa kuwa ahadi ninazojipa mwenyewe nimeshazieleza zinavyoishia. Mwanasaikolojia wa Kijerumani Peter Gollwitzer amefanya utafiti wa miaka mingi unaoonesha kwamba anayepanga kwa kutaja wakati na mahali, yaani "nikishaosha vyombo nitakaa kwenye kiti cha dirishani nisome", hutekeleza zaidi kuliko anayesema tu kwamba atajitahidi. Mimi nimeongeza mtu kwenye sentensi hiyo. Mtu wangu ni mama mmoja Mrundi anayeuza vitenge sokoni Mwanga, aliyesoma shule yake kwa Kifaransa. Yeye hunisikiliza nikisoma, mimi humjazia fomu zake za Kiswahili.

Na ninaporudi, sianzii pale nilipoishia. Narudi nyuma sura nzima, hadi kwenye yale ambayo nilidhani nayajua, nikayakata yaliyolegea kwanza. Inauma, kwa sababu tundu linaonekana kubwa kuliko lilivyokuwa. Nimegundua kwamba majaribio yangu mengi ya kurudi yalifia hapo: nilirudi kwenye ukurasa niliouacha, sikuuelewa, nikahitimisha kwamba nimesahau kila kitu.

Sijaridhika na kila kitu katika mpango huu. Mvuvi hachagui mbalamwezi. Mimi mapumziko yangu naweza kuyachagua, na uchovu wa kawaida wa siku ya Ijumaa unaweza kuvaa kanzu ya msiba. Kwa sasa nimekubaliana na nafsi yangu kwamba ugonjwa, kifo na hesabu za kufunga mwezi kazini ni vipumziko halali, na mengineyo yote nitaandika "hakuna" kwenye daftari kama shangazi, nione zikilundikana. Yule mama wa vitenge haupendi mpango huu hata kidogo. Anasema nina maneno mengi kuliko vitenzi.

Wiki hii nakwenda Kasulu kwenye arobaini ya mjomba, na nimemwambia mama wa vitenge kwamba nitarudi kwake Jumatano jioni, akishafunga meza. Ameniagiza nisije mikono mitupu. Anataka nije nimeusoma ukurasa wa pili wa hati ya mzigo mmoja wa saruji, wenye masharti ya bima, na hatanisaidia neno hata moja mpaka aone kwa kalamu yangu mahali nilipojaribu. Nimeshaufungua. Sentensi yake ya kwanza ina mistari saba, na kitenzi bado sijakiona.